Stesheni Masta na Mashine Isiyo na Shemeji

Jumamosi, tarehe mosi Septemba, mwaka wa 1973, saa nne asubuhi, nilikuwa nimeketi kitandani pa mama, katika chumba kimoja cha landhi kuukuu, zile nyumba za wafanyakazi wa reli mjini Nakuru, nikijaza fomu kwa mara ya tatu. Mbili za kwanza nilikuwa nimezichana. Sehemu ya saba ilidai jina la mume, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na onyo kwamba fomu yenye sehemu iliyoachwa wazi haitasomwa na mashine.

"Tuandike basi jina lake," nilimsihi mama.

"La nani? Yule aliyepotelea Kampala?"

"Huyo huyo."

"Huyo nilimwacha mimi mwenyewe. Sitamrudisha kwa sababu ya nyumba." Akaichukua fomu, akaigeuza huku na huku ingawa hakujua kusoma. "Hiyo mashine inajua kusoma na haijui kuuliza?"

Swali hilo liliniudhi zaidi ya fomu yenyewe. Landhi zile zilikuwa zibomolewe kabla ya Krismasi. Mimi nilikaa katika nyumba za walimu, ambamo jamaa hawakuruhusiwa kulala zaidi ya wiki moja. Shirika la nyumba, ambalo sitalitaja jina, lilikuwa limejenga safu za vyumba viwili viwili upande wa barabara ya Njoro, na katika daftari lao la zamani, lililoandikwa kwa mkono, mama alikuwa wa kumi na mbili. Sasa daftari lilikuwa lifungwe. Majina yote yangepelekwa Nairobi, yatobolewe kama matundu kwenye kadi na kuingizwa katika kompyuta, nayo ndiyo ingechagua. Wengine waliiita ubongo wa umeme. Mheshimiwa mbunge, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa shirika, aliiita mashine yenye akili, na alasiri ile ile angekuja ukumbini kuitetea katika mdahalo. Sisi wa Klabu ya Mdahalo tulikuwa tumemwita kwa barua aje tubishane, naye, kwa kujiamini, akakubali. Wananchi wangepiga kura kwa mikono, na shirika lilikuwa limeahidi kuyafuata matokeo.

Mlango ukabishwa mara mbili, kisha mara moja. Hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani.

"Saa nane kamili, binti," alisema Stesheni Masta bila kuingia. "Mimi wa kwanza, wewe wa pili. Upande mmoja una dakika kumi na tano. Umenipata?"

"Nimekupata, mzee."

"Nimesema nini?"

Nilivuta pumzi. "Saa nane kamili. Wewe wa kwanza, mimi wa pili. Dakika kumi na tano."

"Sawasawa." Akaenda zake, mwavuli ukigonga changarawe.

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyo mzee siku akifa, Mungu akimwita, atamwambia Mungu arudie."

Nimemfahamu mtu huyu miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeipitisha nikiwa nimemkasirikia. Nataka kumweleza kwa haki, jambo ambalo ni gumu kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha haki ya namna hiyo, na mafunzo yake yalikuwa adhabu.

Stesheni masta alikuwa amestaafu, lakini cheo kilibaki mwilini mwake kama kovu la chanjo. Vifungo vya koti lake vilikuwa vya shaba na aliving'arisha kwa majivu. Mfuko wa ndani ulikuwa na bendera ndogo ya kijani iliyokunjwa, ambayo hakuwa na kazi nayo tena. Alipovuka barabara kuu alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, akasema "Njia iko wazi," kisha akavuka, hata kama hapakuwa na kitu chochote isipokuwa mkokoteni wa punda na vumbi jeupe la ziwa.

Chanzo cha tabia yake kilikuwa reli. Kabla ya Nakuru alihudumu katika stesheni ndogo, ikiwemo Longonot, ambako njia ilikuwa moja tu na treni zilikuja kutoka pande zote mbili. Stesheni moja iliomba ruhusa ya njia kwa stesheni jirani kwa simu ya kuzungusha kwa mkono. Aliyepokea ujumbe alipaswa kuurudia neno kwa neno: namba ya treni, saa, inakotoka. Aliyetuma akisema sawasawa, wote wawili waliandika daftarini, na hapo tu ndipo treni ilipoondoka. Siku moja mwenzake, akiwa na usingizi au na haraka, alijibu "ndiyo, ndiyo" bila kurudia. Nilimwuliza mara nyingi kilichotokea baadaye. Kila mara alijibu, "Hakuna aliyekufa," kisha akabadilisha mazungumzo. Kwa namna alivyolisema nilijua kwamba alilala na jambo lile kila siku.

Alipostaafu aliichukua kanuni hiyo na kuileta katika Klabu ya Mdahalo. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wetu, na sheria ya kwanza ya klabu, iliyobandikwa ukutani kwa maandishi yake yaliyolala upande, ilisema kwamba hakuna atakayempinga mwenzake kabla hajairudia hoja ya mwenzake, na mwenzake akaridhika na kusema sawasawa. Watu wa klabu nyingine, wa Gilgil na wa Molo, walikuja mara moja na hawakurudi. Mada ambayo ingemalizwa kwa saa moja ilikula alasiri nzima. Fundi Singasinga mwenye gereji, mshika kengele wetu, alikuwa akileta kitafunio chake kwa sababu alijua hatafika nyumbani kwa chakula.

"Mzee yangu," alikuwa akilalamika, "mimi iko gari tatu nangoja gereji!"

"Fundi amesema ana magari matatu yanayomngoja gereji," Stesheni Masta alijibu, akimgeukia kwa heshima. "Ndivyo?"

"Ndivyo, mzee."

"Sawasawa. Tuendelee."

Nyumbani alikuwa hivyo hivyo, au niliamini hivyo mpaka nilipomsikia mkewe. Yule mama alikuwa mtu wa kwao, magharibi, mwenye sauti ya kwaya, na mbele ya wageni alisema, "Mimi nimeolewa na mwangwi." Tulicheka. Lakini siku nyingine, tukimenya viazi vya Kuresoi jikoni kwake, aliniambia jambo ambalo halikuwa mzaha: kwamba katika ndoa yote, maneno pekee ambayo mumewe hakuwahi kuyarudia ni yake. Alimwambia paa linavuja. Mvua mbili zikapita. Alimwambia anataka kwenda kumzika dada yake. Akajibiwa hapana kabla hajamaliza. Nilipomkabili Stesheni Masta na jambo hilo, alinisikiliza, akalirudia shtaka lote bila kulipunguza hata kidogo, nikasema sawasawa. Wiki iliyofuata mabati mapya yalikuwa juu. Kuhusu dada yake mkewe hakuna kilichoweza kufanywa.

Mtu huyu ambaye wengi walimdhania adui wa mashine alizipenda mashine kuliko watu wengi. Angeweza kukaa saa nzima mbele ya saa ya ukutani iliyofunguliwa mgongo. Radio tu ndiyo aliyoichukia, na aligombana nayo kila jioni, kwa sababu ilisema maneno mengi na haikumngoja mtu aseme amepata au hakupata. "Angalia," aliniambia, akiinyooshea kidole kama mwanafunzi mtoro, "inaondoka stesheni bila ruhusa."

Kuna kisa kimoja ambacho sipendi kukisimulia kwa sababu kinamsaidia yeye. Nilijiunga na klabu mwaka wa 1966, nikiwa nimetoka chuoni na cheti changu na jeuri yangu. Katika mdahalo wangu wa pili, karani mmoja wa posta alisimama akasema kwamba kumsomesha msichana ni kumwagilia bustani ya jirani. Nilinyanyuka nikiwaka moto. Stesheni Masta akainua mkono.

"Rudia kwanza."

"Siwezi kurudia upuuzi huo!"

"Basi huwezi kuupinga. Rudia."

Nilirudia. Nilisimama mbele ya wanaume arobaini, nikasema kwa kinywa changu kwamba mimi na elimu yangu ni hasara ya baba. Karani alisikia maneno yake yakitoka kwangu, akajikuna shingo. "Si hivyo haswa, mwalimu," alisema. Nikarudia tena, kwa usahihi zaidi. "Lakini sikumaanisha wewe." Nikarudia mara ya tatu. Akakaa chini, akasema huenda hakuifikiria hoja yake vizuri. Nilishinda bila kupinga. Lakini nilienda nyumbani nikalia, na sikumsemesha Stesheni Masta kwa mwezi mzima, kwa sababu hakuna aliyenipigia hesabu ya ushindi ule ulinigharimu nini.

Kwa hiyo tarehe ile ya Septemba nilijua vizuri nilikokuwa nikienda. Nilitumaini tu kwamba mbele ya Mheshimiwa, na mama akiwa ameketi mstari wa pili na fomu yake mkobani, mzee angeiacha kanuni kwa siku moja.

Mheshimiwa alifika saa tisa kasorobo. Stesheni Masta aliandika kuchelewa huko daftarini. Ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani: watu wa landhi, wachuuzi wa sokoni, wafanyakazi wa viwandani waliotoka zamu, na wenye maduka wachache waliokuja kwa ajili ya Mheshimiwa. Diwani wa wadi, mtu mnene mwenye kicheko cha kukodisha, alikaa kando yake kama msemaji wa pili.

Lazima nikiri kwamba Mheshimiwa alisema vizuri.

"Mmechoka ama hamjachoka?" aliuliza.

"Tumechoka!"

"Mmechoka na nini? Mnaenda ofisi, karani anakuuliza wewe ni wa nani. Sasa mimi nimewaletea karani mpya. Huyu karani hana kabila! Hana shemeji! Hanywi chai, na hana mfuko wa kuweka kitu kidogo! Ni mashine, lakini iko na akili kushinda mimi na wewe."

"Kushinda wewe tu!" mtu alipiga kelele dirishani, na Mheshimiwa akacheka pamoja na ukumbi.

"Na ikikosea?" Sauti hiyo ilikuwa ya mama yangu. Sikujua angesema. Alikuwa amesimama.

"Mathe, ikikosea?" Mheshimiwa alijipiga kifua. "Ikikosea, mimi niko hapa. Kuja kwangu. Mtu yeyote mashine imemkosea, anipate mimi mwenyewe mlangoni, na nitatengeneza hiyo mambo siku hiyo hiyo. Hiyo ni ahadi!"

Makofi yalitikisa mabati. Mama akakaa, si kwamba aliridhika, ila hapakuwa na nafasi ya neno lingine.

Kengele ikalia na Stesheni Masta akasimama. Tulikuwa na dakika kumi na tano. Hoja yetu tulikuwa tumeijadili wiki nzima, na yeye ndiye aliyekuwa na sehemu nzito. Alifunga kifungo cha juu cha koti.

"Mheshimiwa," alianza, "kabla sijakupinga, nakupokea. Umesema hivi."

Nilifumba macho.

Aliirudia hoja ya Mheshimiwa. Tatizo ni kwamba aliirudia vizuri kuliko Mheshimiwa mwenyewe. Mheshimiwa alikuwa amesema mashine haina shemeji; Stesheni Masta alieleza shemeji ni nini, akatoa mfano wa mjane wa Kabazi aliyesubiri miaka sita huku majina mapya yakiingizwa juu ya lake kwa kalamu nyekundu. Watu waliguna kwa uchungu. Mheshimiwa, akitaka kuchekesha ukumbi, alitikisa kichwa akasema, "Sivyo, mzee!" Basi mzee akaomba radhi, akaanza upya, kwa uangalifu zaidi. Alieleza kwamba mkono wa mtu huchoka na huogopa, na kwamba mashine haiogopi kumwambia mkubwa hapana. Mama mmoja alipiga vigelegele. Mheshimiwa alikuwa sasa ameinama mbele, mdomo wazi, kama mtu anayesikia kwa mara ya kwanza kwamba ana akili.

"Endelea, mzee! Endelea!"

Niliivuta kola ya koti lake. "Mzee, dakika," nilinong'ona. Hakunisikia, au alinisikia na hakunipokea.

"Na mwisho," alisema, "Mheshimiwa ameahidi kwamba mtu yeyote ambaye mashine imemkosea ataenda kwake, mlangoni, na yeye mwenyewe atalirekebisha jambo hilo siku hiyo hiyo. Mheshimiwa, nimekupata?"

"Sawasawa!" Mheshimiwa alinyanyuka akamkumbatia. "Sawasawa kabisa! Huyu mzee ni wangu!"

"Dakika nabaki moja!" alilia Singasinga.

Dakika hiyo moja ilikuwa yangu. Nilisimama, nikasema kuhusu sehemu ya saba, kuhusu wanawake ambao hawana jina la kuandika pale. Ukumbi ulikuwa bado unaimba. Diwani aliinama kwenye kipaza sauti.

"Mwalimu, kwani hata wewe umekosa bwana? Tukutafutie na mashine?"

Walicheka mpaka kengele ikalia. Mikono ilipoinuliwa kuunga mkono mashine, ilikuwa msitu. Upande wetu niliiona mikono michache, na mmoja wao ulikuwa wa mama, umeshika fomu.

Nje, kwenye ngazi, nilimwambia Stesheni Masta maneno ambayo binti hapaswi kumwambia mzee. Nilimwambia ameuza nyumba ya mama yangu kwa ajili ya kusikia sauti yake mwenyewe. Nilimwambia reli ilishamtema na bado anadhani sisi sote ni treni. Alinisikiliza akiwa ameshika mwavuli kwa mikono miwili. Nilipomaliza alianza, "Umesema kwamba..." nami nikamgeuzia mgongo kabla hajafika mwisho.

Fomu ya mama tuliipeleka na sehemu ya saba ikiwa wazi, kwa amri yake. Ilirudi katikati ya Oktoba. Ndani ya bahasha palikuwa na karatasi nyembamba yenye neno moja, HAIKUSOMWA, bila sahihi ya mtu. Nilikwenda ofisini mara mbili. Karani, kijana mwenye adabu, aliniambia kwamba angependa sana kunisaidia lakini sasa hana uwezo, mashine ndiyo inaamua. Daftari la zamani? Lilishafungwa. Nani ninaweza kumweleza? Alitazama dari kama mtu anayetafuta Nairobi huko juu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda stesheni. Nilijua nitamkuta pale, kwenye benchi la jukwaa la kwanza, akipima treni za wengine kwa saa yake. Nilikuwa nimekwenda kuomba radhi, na nusu ya radhi yenyewe nilikuwa nimeimeza njiani kwa hasira.

"Ya Kisumu imechelewa dakika kumi na tisa," alisema, akinisogezea nafasi. "Mama hajambo?"

Nilimpa ile karatasi. Alilisoma neno lake moja kwa muda mrefu.

"Haikusomwa," alirudia. "Na nani?"

"Mzee, sijaja kwa hayo. Nimekuja kusema samahani kwa yale ya ngazini. Lakini bado sielewi. Ulikuwa na dakika kumi na nne. Kwa nini hukusema hoja yetu?"

"Nilidhani zinatosha."

"Zinatosha!"

"Alisema sivyo. Mtu akisema sivyo, unaanza upya." Aliona uso wangu. "Binti, sikupanga vizuri. Saa iliisha."

"Na hoja yenyewe? Ile uliyosema utaanza nayo, iliyotupa matumaini wiki nzima?"

Alifikiri, macho yake yakiifuata njia ya reli mpaka inapopinda. "Siikumbuki vizuri," alisema. "Lakini ilikuwa nzuri."

Nilitaka kumsukuma relini. Badala yake nilicheka, kwa aina ya kicheko kinachoumiza koo. Yeye hakucheka. Alifungua mkoba wake akatoa daftari la klabu, lile ambalo kwa miaka yote niliamini halikuwa na faida yoyote isipokuwa kutuchelewesha, akalamba kidole na kutafuta ukurasa.

Alikuwa ameligawa kwa safu, kama daftari la stesheni: saa, kutoka kwa nani, kwenda kwa nani, ujumbe, umerudiwa, umethibitishwa. Nilisoma. *Saa tisa na dakika thelathini na moja. Kutoka kwa: Mheshimiwa. Kwenda kwa: wananchi wa Nakuru. Ujumbe: mtu yeyote ambaye mashine imemkosea aje mlangoni pangu, nitarekebisha mwenyewe siku hiyo hiyo. Umerudiwa: ndiyo. Umethibitishwa: sawasawa.* Chini palikuwa na sahihi yake, na sahihi ya Singasinga kama shahidi.

"Ulifanya makusudi?" nilimwuliza.

"Makusudi gani? Kila ujumbe naandika."

"Lakini ulijua hii itafaa?"

"Sikujua." Alionekana kukerwa na swali. "Ujumbe ukirudiwa na ukathibitishwa, treni inaweza kuondoka. Mimi ninajua hilo tu. Nani atapanda, hilo si langu." Kisha akatazama saa. "Dakika ishirini na mbili. Aibu."

Nilinakili ukurasa ule kwa mkono wangu, nikiliweka daftari mapajani, naye akiangalia kila neno kama anayenisahihishia insha. Nilipoacha koma moja, alinirudisha.

Hii ndiyo barua niliyoituma, tarehe tano Novemba, wiki tisa baada ya mdahalo.

*Mheshimiwa,*

*Kabla sijaomba lolote, nakupokea. Ulisema kwamba makarani wamewaonea watu kwa kabila na kwa ujamaa, na kwamba mashine haina kabila wala shemeji. Ulisema kweli, mama yangu aliwahi kushushwa katika daftari la zamani mara mbili, na hakuna aliyetueleza sababu. Ulisema pia kwamba mtu yeyote ambaye mashine imemkosea aje mlangoni pako, nawe utarekebisha mwenyewe siku hiyo hiyo. Maneno hayo yalirudiwa mbele ya ukumbi mzima, nawe ukathibitisha kwamba ni sawasawa. Nakala ya daftari imeambatishwa.*

*Mama yangu alikuwa wa kumi na mbili. Fomu yake haikusomwa kwa sababu hana mume wa kuandika, na hakutaka kuandika uongo. Chumba anachokaa kitabomolewa mwezi ujao.*

*Tutafika mlangoni pako Jumatatu, tarehe kumi na mbili, saa mbili kamili asubuhi: mimi, mama, na stesheni masta mstaafu mwenye daftari. Hatutakuja kubishana. Mama ataeleza shida yake kwa maneno machache, kisha tutakuomba jambo moja tu, ambalo ile mashine haikuliweza.*

*Tutakuomba urudie alichosema, mpaka yeye aseme sawasawa.*